"Kubali tu, yaishe"

Ukikamatwa hapa Moshi, ushauri wa kwanza utaupata bure, tena kabla hujamaliza kuvua mkanda na viatu pale kaunta: kubali tu, yaishe. Askari atakuambia, mahabusu mwenzako atakuambia, jirani aliyekuletea chai atakuambia. Kosa lenyewe dogo, utapigwa faini, utaenda zako nyumbani kula machalari. Ya nini kusumbuana na mahakama mwaka mzima?

Kwa mtu asiye na doa, labda. Sina ugomvi naye. Lakini mdogo wangu alikuwa na doa, tena doa lenye tarehe ya kuisha, na kwake yeye ushauri huo ulikuwa njia fupi ya kwenda gereza la Karanga. Ndiyo maana wiki hii naweka pembeni habari za vitambaa na magauni ya kipaimara mlizozizoea hapa. Mwenyewe ameniruhusu kuandika, mradi nisitaje jina lake wala namba ya pikipiki.

Doa lenyewe ni simu. Aliinunua kwa bei ya kutupa, simu ikawa ya wizi, akashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, akakutwa na hatia. Hapo hakuna cha kubishia. Ila hakimu hakumfunga. Kwanza aliagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Afisa uangalizi akapanda mpaka Uru, akakaa na mama jikoni, akamhoji mwenyekiti wa kitongoji, akauliza kijana aliishia darasa la ngapi na nani anamlisha. Taarifa iliporudi mahakamani, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Aripoti kwa afisa kila anapopangiwa, asihame bila kutoa taarifa, awe na kazi halali, na asitende kosa lingine. Hilo la mwisho kila mtu huliitikia kwa kichwa bila kulisikia.

Mtaani wanaita kifungo cha nje. Baba mkubwa anaita parole. Si parole, na nitaeleza baadaye kwa nini tulipaswa kushukuru kwamba si parole. Kinachotakiwa kueleweka hapa ni kwamba katika uangalizi wa aina hii mahakama imeshakukuta na hatia, ila adhabu haijakupa. Faili halijafungwa, limewekwa tu kabatini. Ukimaliza muda wako salama, yamekwisha. Ukikutwa na hatia ya kosa jingine kabla ya muda huo, mahakama ina uwezo wa kulitoa lile faili la kwanza na kukuadhibu kwa kosa la kwanza pia, juu ya hilo jipya.

Sasa tukio. Halina hata urefu wa kusimulia. Kijiwe chao cha bodaboda kiko upande wa Mbuyuni. Mwenzake akamrukia zamu ya abiria, maneno ya wazazi yakatoka, mdogo wangu akamsukuma. Yule kijana akayumba, akaangukia pikipiki iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka barabarani, mkono ukatua kwenye eksozi. Basi. Mama anayeuza ndizi mbivu pale pembeni aliona kila kitu, na ndiye aliyemmwagia maji. Lakini mpaka jioni habari iliyofika kituoni ilikuwa na spana ndani yake. Spana ilitoka wapi sijui. Kijiwe cha bodaboda hakikosi spana, na ugomvi ukishasimuliwa mara mbili tatu haukosi silaha.

Nilipigiwa simu nikiwa napima sare za shule. Nikachukua kitambulisho cha NIDA, nikapitia kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua, nikaenda kituoni. Ukutani kuna maandishi makubwa kwamba dhamana ni haki na ni bure. Niliyasoma kwa sauti, kwa makusudi, wakati nasubiri kuhudumiwa. Wengine mnanijua.

Nilikuta bado hawajamwandika maelezo ya onyo. Hapo nawaomba msome polepole. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu anayehojiwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na haki ya kutosema kitu kama hataki kusema. Nikaomba kukaa naye. Yule askari wa upelelezi alinitazama kama nimemwomba kiti chake, lakini akanionyesha benchi.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza, "mimi kweli nilimsukuma. Si niseme tu ni kweli?"

"Sema ulichofanya. Usiseme ulichoandikiwa."

Akasema alichofanya: tuligombea abiria, nilimsukuma kwa mikono, akaangukia pikipiki, sikushika spana. Askari akaandika, akamsomea, mdogo wangu akasaini kila ukurasa. Kwenye sentensi moja palikuwa pameandikwa "nilimpiga." Mdogo wangu akaomba parekebishwe pawe "nilimsukuma," na askari akarekebisha, yeye akasaini pembeni ya marekebisho. Alirekebisha bila maneno mengi, lazima niseme haki yake. Wakati tunaondoka ndipo akanipa ule ushauri: kubali tu, mama, yaishe, shambulio la kawaida hilo, faini tu.

Usiku ule tulikaa kikao cha familia, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kweli, maana polisi unaweza kuwasomea ukuta, baba mkubwa huwezi.

Wasomaji wangu wa pwani na wa kanda ya ziwa niwaeleze kidogo. Sisi Wachaga tuna mmea unaitwa isale. Unauona kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, na juu ya makaburi, majani marefu ya kijani. Mtu akimkosea mwenzake na anataka amani, anachuma jani la isale, anafunga fundo, anatuma wazee wampelekee aliyekosewa. Aliyekosewa kulikataa isale ni jambo zito, wengi hawathubutu. Ugomvi wa mashamba uliodumu miaka nimeuona ukiisha kwa jani lile. Baba mkubwa, tangu baba afariki, ndiye mwenye neno kwetu, na neno lake lilikuwa moja: kesho asubuhi isale liende Kibosho kwa wazazi wa yule kijana, mtoto aseme nimekosa, tulipe hospitali, tuandikishane kwa mwenyekiti kwamba amekiri na amesamehewa, karatasi ipelekwe mahakamani, kesi ife.

Hakuna kasoro kwenye maneno hayo. Ndivyo tulivyolelewa. Amani yetu huanza pale anayekosa anapofungua mdomo na kusema nimekosa, na asiyetaka kusema hivyo anaonekana ana kiburi. Ila karatasi ile ndiyo iliyonitisha. Baba mkubwa alikuwa ameshaanza kuiandika kwenye daftari la mama la kikoba, kwa mwandiko wake ule wa ualimu: "Mimi nakiri kwamba nilimshambulia na kumjeruhi..." Mstari haujaisha. Nikamwomba asimamishe kalamu mpaka tumwone afisa uangalizi.

Kikao kikagawanyika. Shangazi akasema afisa asiambiwe kabisa, akijua tu anamrudisha mtoto ndani. Kaka akasema kwani afisa ana macho Mbuyuni? Nikawaambia mahakama hiyohiyo, mji huuhuu, karani anayepeleka mafaili ni mmoja. Akisikia kwa karani kabla ya kusikia kwetu, hata kama kijana hana kosa, ameshakuwa mficha mambo.

Kulipokucha tukaenda. Ni mama wa makamo, ofisi yake ina meza moja na mafaili mpaka dirishani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akatoa faili, akaandika tarehe, akaandika kwamba mhusika amekuja mwenyewe kutoa taarifa. Aliniruhusu nione alichoandika. Halafu akatupa somo ambalo sikulipata kituoni wala kwenye kikao cha familia.

Kushtakiwa, alisema, si kuvunja sharti. Sharti linasema usitende kosa, na nani ametenda kosa husemwa na mahakama. Katiba yenyewe, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Kwa hiyo kesi mpya ikisomwa, uangalizi unaendelea kama kawaida, unaripoti kama kawaida, unaenda mahakamani kila unapotakiwa. Kinacholeta balaa ni kukutwa na hatia. Na njia ya haraka kuliko zote ya kukutwa na hatia ni kusema "ni kweli" siku ya kwanza. Ukishasema hivyo, upande wa mashtaka unasoma maelezo ya kosa, unaulizwa kama unayakubali, unayakubali, unatiwa hatiani palepale. Hapo ndipo hakimu anapouliza kuhusu makosa ya nyuma, na hapo ndipo ya simu yanapoingia. Na ukitaka kukata rufaa baadaye, mtu aliyekiri mwenyewe kwa kawaida hasikilizwi juu ya hatia, anasikilizwa juu ya adhabu tu.

"Hiyo faini mnayoiona nyepesi," akamwambia mdogo wangu, "ndiyo inayofungua kabati."

Kisha akasema jambo ambalo baba mkubwa alipaswa kulisikia kwa masikio yake: hakumwambia mtoto adanganye. Kama ulimpiga na spana, useme. Kama hukumpiga na spana, usiseme kwa sababu tu umechoka.

Sasa lile la parole, maana nimeahidi. Hapa kwetu kila mtu anaifahamu parole kwa sababu ya marehemu Mzee Augustino Mrema, mtu wetu wa Vunjo, ambaye Rais Magufuli alimteua mwaka 2016 kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, na alikuwa akiisemea redioni na kwenye magazeti kwa ule ukali wake wa uwaziri wa mambo ya ndani. Parole ina sheria yake ya mwaka 1994. Ni ya mfungwa ambaye tayari yuko gerezani kwa kifungo cha miaka minne au zaidi, ametumikia theluthi yake kwa tabia njema, na kosa lake si miongoni mwa yale yaliyozuiwa, kama unyang'anyi wa kutumia silaha au dawa za kulevya. Anatolewa amalizie nje, kwa masharti. Akivuruga, anarudi kumalizia ndani.

Kuna baba mmoja mtaa wa pili kutoka kwetu yuko kwenye parole, na nilipomweleza yetu alitikisa kichwa akasema sisi tuna bahati. Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye akishtakiwa leo hata kwa kuku, dhamana ni shida, maana sheria inazuia dhamana kwa mtu aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka mitatu. Na mtu wa parole kwa vyovyote vile amehukumiwa zaidi ya mitatu. Kesi yake mpya angeisikilizia mahabusu. Anaishi kwa kuhesabu nani amekaa naye meza moja baa. Mdogo wangu hakuwahi kupewa hata siku moja ya kifungo, kwa hiyo dhamana ilikuwa wazi kwake. Mkichanganya majina haya mawili, mtampa ndugu yenu ushauri wa mtu mwingine.

Nikarudi kwa baba mkubwa. Nilimkuta kihambani anafunga migomba. Sikumwambia isale liache kwenda. Nilimwambia: baba, hakuna anayekataa. Mtoto atakwenda, atasema alilolifanya, atalipa hospitali. Ila kwanza mahakama imalize, halafu isale. Na daftari lile uniachie mimi.

"Mahakama ndiyo itupangie siku ya kuomba msamaha?"

Nilinyamaza. Mtoto wa kike habishani na baba mkubwa chini ya migomba yake. Alikaa mwezi mzima bila kupokea simu yangu, akawa anapiga kwa mama na kusema "mwambie fundi wako." Daftari lakini aliliacha.

Mahakamani kulikuwa na watu wengi na madawati machache, kama mnavyojua. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo hati ya mashtaka tuliisoma wenyewe bila mkalimani: shambulio la kudhuru mwili, kwamba siku hiyo, mahali hapo, alimpiga fulani kwa spana kwenye mkono wa kulia na kumsababishia maumivu. Siyo lile "shambulio la kawaida, faini tu" la kituoni. Kosa hili mtu anaweza kufungwa mpaka miaka mitano. Msaidizi wa kisheria aliyetupa ushauri bure asubuhi ile (wapo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, ulizeni pale pale mahakamani) aliweka kidole kwenye neno spana. Akamwambia mdogo wangu, hapa huulizwi kama wewe ni mtu mwema, wala kama mliwahi kugombana. Unajibu kilichoandikwa hapa.

"Mshtakiwa, umesikia shtaka. Ni kweli au si kweli?"

Alichelewa kujibu mpaka karani akainua macho. Nilimjua anapambana na nini: malezi ya mama yanamwambia sema nimekosa. Akasema, "Si kweli, mheshimiwa."

Dhamana ikatolewa, wadhamini mimi na kaka. Baada ya hapo ikawa ile safari mnayoijua: upelelezi haujakamilika, imetajwa, njoo tarehe fulani, hakimu yuko likizo, imetajwa tena. Kila tarehe nilifunga kibanda. Kila tarehe alikwenda, na kila siku ya kuripoti kwa afisa alikwenda pia. Hakuna zaidi la kusimulia hapo.

Siku ya kusikilizwa ndiyo ikasomwa PF3. Kwa asiyejua, hiyo ni fomu ya polisi anayopewa majeruhi aende nayo hospitali. Daktari anaandika alichokiona, inarudi polisi. Daktari hakuwa kijiweni, hamjui mtu, hakuwa na zamu ya kugombea. Aliandika alichokiona: jeraha la kuungua kwenye mkono, sehemu ya mbele. La kuungua. Mlalamikaji akaulizwa spana iliyompiga ilikuwa ya moto? Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Kijana mwenyewe, naomba niseme haki yake pia, hakung'ang'ania. Alisema aliambiwa na wenzake kwamba alipigwa na spana, yeye alikuwa anaanguka, hakuona. Shahidi wa pili alisema aliona spana lakini akaiweka mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Upande wa mashtaka ukafunga ushahidi wake. Tarehe iliyofuata hakimu akasoma uamuzi mfupi: mshtakiwa hana kesi ya kujibu, ameachiwa huru. Mama wa ndizi tuliyemwandaa kama shahidi wetu hakuhitajika hata kuitwa, na alinuna kidogo, alikuwa amesuka nywele.

Fomu ile ilikuwepo kwenye faili tangu siku ya kwanza. Angesema "ni kweli," kwa adabu tu, nani angeisoma?

Jumapili iliyofuata isale likaenda Kibosho. Baba mkubwa alilichuma mwenyewe, akaenda na mzee mwingine wa ukoo na mdogo wangu, nami nikabebeshwa mbege, pombe yetu ya ndizi, maana ndugu zangu wakikumbuka kwamba mimi ni mwanamke hukumbuka kwenye kubeba. Mdogo wangu alisema kila kitu pale uani, bila wakili: nilikusukuma, umeungua kwa sababu yangu, nisamehe. Tulirudisha gharama za hospitali. Mama wa yule kijana alipokea jani, akatuuliza mbona mmekawia hivyo, tangu mwanangu aungue mpaka kidonda kimepona? Baba mkubwa akanigeukia, akaninyooshea mkono niseme mwenyewe.

Nikamwambia tulikuwa tunasubiri mahakama. Akasema mahakama siyo kanisa. Nikasema ndiyo, mama. Tukanywa mbege.

Baba mkubwa anapokea simu zangu sasa, ingawa kwa maoni yake nililichelewesha isale, na akisimulia kisa hiki kule Uru anaruka sehemu ya mahakama yote. Vijana wawili wako kijiwe kimoja, wameandika foleni ya zamu kwenye kipande cha boksi na wamekitundika kwenye nguzo.

Uangalizi bado haujaisha. Afisa aliomba nakala ya uamuzi aiweke kwenye faili, na hilo nawashauri msiliache: fuatilieni kwa karani mpaka mshike karatasi yenye muhuri, maana habari ya kushtakiwa ilizunguka Mbuyuni siku moja, na hii ya kuachiwa hakuna anayeizungusha. Nimetoa fotokopi, moja anatembea nayo kwenye pikipiki pamoja na bima na leseni. Wiki ijayo tunarudi kwenye vitambaa, kuna lesi mpya zimeingia soko la Memorial.